Kutoka Ballia hadi Port Louis: Wabhojpuri ni nani?

Mwaka 1776 Mfaransa aliyefanya biashara ya watumwa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Kila mwaka angeuziwa watu 1,000, kila mmoja kwa piasta 20. Watu hao, pamoja na wengine wengi waliokamatwa bara na kupakiwa majini Kilwa na Msumbiji, walipelekwa kutumika katika kisiwa kilichoitwa Île de France. Leo tunakiita Mauritius. Waingereza walikiteka mwaka 1810, na tarehe 1 Februari 1835 wakatangaza kwamba utumwa umekoma kisiwani. Wenye mashamba walilipwa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti.

Siku hiyo ilipofika, wenye mashamba walikuwa wameshajipanga. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 2 Novemba 1834, meli Atlas ilitia nanga Port Louis ikiwa na vibarua 36 waliochukuliwa Calcutta kwa mkataba wa miaka mitano. Hao wa kwanza walikuwa watu wa milima ya Chota Nagpur. Nyuma yao, kwa karibu miaka 90, walifuata wengine takriban nusu milioni waliopitia bandari hiyo ya Port Louis, na sehemu kubwa yao walitoka kwenye bonde la mto Ganga, nchi ya wasemao Kibhojpuri.

Nimeanzia Kilwa kwa makusudi. Historia ya Wabhojpuri husimuliwa kana kwamba ni ya Wahindi na Waingereza peke yao, na sisi wa pwani hatumo. Lakini tumo. Shamba lilikuwa lile lile, panga la kukatia miwa lile lile, na mara nyingi hata nyumba walizolala zilikuwa zile zile walizohama watu wetu. Aliyebadilika ni mfanyakazi tu.

Mhindi yupi?

Hapa kwetu neno "Mhindi" lina picha yake. Ni Mgujarati mwenye duka, Baniani, Bohora, Ismailia, Mgoa aliyekuwa karani, Kalasinga fundi wa mitambo. Makuli waliojenga reli ya Uganda kuanzia 1896, karibu watu 32,000, waliandikwa kazi zaidi katika Punjab na kupakiwa meli Karachi. Wote hao ni watu wa magharibi na kaskazini-magharibi ya ile India ya wakoloni. Mbhojpuri ni mtu wa mashariki. Ukitoka Ahmedabad, Gujarat, mpaka mji wa Ballia, unavuka zaidi ya kilomita 1,000, na ukifika unakuta lugha nyingine, chakula kingine, na watu ambao bahari hawajawahi kuiona.

Nchi yao ni tambarare ya mito: Ganga wenyewe, Ghaghara na Gandak inayoshuka kutoka Himalaya, na Son unaotoka kusini. Upande wa magharibi ziko wilaya za Uttar Pradesh kama Ballia, Ghazipur, Azamgarh, Deoria na Gorakhpur, na mji mtakatifu wa Banaras, ambao serikali huuita Varanasi. Upande wa mashariki ziko wilaya za Bihar: Saran, Siwan, Gopalganj, Bhojpur, Buxar, Rohtas na Champaran zote mbili. Kaskazini lugha inavuka mpaka na kuingia Nepal, mpaka Birgunj. Udongo wake una rutuba kwelikweli, na ni moja ya sehemu za dunia zenye watu waliobanana mno. Rutuba na msongamano huo vimekwenda pamoja kwa karne nyingi.

Jina lenyewe limetoka kwenye kijiji, Bhojpur, karibu na Dumraon. Palikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Ujjainiya, waliodai kwamba asili yao ni Mfalme Bhoja wa Malwa. Kutoka kijijini jina likaenea kwa eneo, kutoka eneo likaenda kwa lugha, na kutoka lugha likawashika watu.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wabhojpuri si dini, kwa kuwa wapo Wahindu na wapo Waislamu. Si tabaka, kwani Brahmani na mfuma nguo na mchunga ng'ombe wote ni Wabhojpuri. Si jimbo pia, maana hakuna jimbo la India liitwalo Bhojpuri. Nchi yao imekatwa vipande kati ya majimbo na kati ya mataifa mawili. Kinachowafunga ni lugha na ardhi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Tumebishana miaka na miaka juu ya nani ni Mswahili, na tunajua jinsi lugha inavyoweza kuwa kabila la watu wasio na kabila moja.

Lugha ya watu milioni 50 isiyo kwenye orodha

Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu karibu milioni 50 na nusu waliosema kwamba lugha yao ya mama ni Kibhojpuri. Kisha ikawaweka chini ya Kihindi, kama tawi lake. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22 zinazotambuliwa rasmi, na Kibhojpuri hakimo. Jirani yake Kimaithili, chenye wasemaji wasiofikia theluthi moja ya hao, kiliingizwa kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2003.

Je, ni lahaja ya Kihindi kweli? Sikiliza mwenyewe. Kumuuliza mtu hali, Mhindi wa Delhi atamalizia swali kwa "hai". Mbhojpuri atasema "Ka haal ba?" Hilo "ba" lake ndilo alama ya lugha nzima. "Alikwenda" kwa Kihindi ni "gaya", kwa Kibhojpuri ni "gail". Mbhojpuri anapojitaja yeye peke yake husema "ham", neno ambalo katika Kihindi sanifu ni "sisi". Na anapozungumza na mkubwa wake ana neno maalumu la kumheshimu, "rauwa", ambapo Kihindi husema "aap". Mtaalamu wa lugha wa dola ya Kiingereza, George Grierson, alikitenga Kibhojpuri na Kihindi, akakiweka pamoja na Kimaithili na Kimagahi katika kundi aliloliita la Kibihari, upande wa jamaa zake Kibangali.

Kwa hiyo sababu ya kukiita lahaja haiko katika sarufi. Iko katika siasa na katika kalamu. Wasomi wa Bhojpuri wenyewe, tangu harakati za uhuru, waliandika Kihindi, kwa sababu Kihindi kilikuwa lugha ya taifa walilokuwa wakilijenga. Rais wa kwanza wa India, Rajendra Prasad, alikuwa Mbhojpuri wa kijiji cha Ziradei, Siwan. Nyumbani Kibhojpuri, kwenye karatasi Kihindi. Hata hati yao ya zamani, Kaithi, iliyotumika kwenye vyeti vya ardhi na barua, iliachwa ikafa mikononi mwa makarani. Na Kihindi kikipoteza watu milioni 50 katika hesabu yake, kinapungua uzito bungeni. Hilo nalo halisemwi sana, lakini kila anayedai Kibhojpuri kitambuliwe analijua.

Kwa nini waliondoka

Kabla ya mashamba ya miwa, vijana wa bonde hili walikuwa na kazi nyingine ya kuwatoa nyumbani: uaskari. Waliitwa Purbiya, watu wa mashariki, na ndio waliojaza jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki huko Bengal. Mwaka 1857 jeshi hilo liliasi. Mangal Pandey, askari anayekumbukwa kwa kufyatua risasi za mwanzo, alitoka Ballia. Kunwar Singh, bwana wa Jagdishpur aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80, aliwaongoza waasi wa Bihar mpaka kufa kwake. Waingereza waliposhinda waliwafungia Purbiya mlango wa jeshi, wakaanza kuajiri Punjab na Nepal.

Fikiria kijiji ambacho kila nyumba ilitegemea mshahara wa askari, halafu mshahara huo ukakatika kwa mwaka mmoja, na juu yake ukaja ukatili wa kulipiza kisasi. Mwaka 1859 pekee Mauritius ilipokea wahamiaji zaidi ya 40,000, idadi ambayo haikufikiwa tena. Sidhani kama miaka hiyo ilifuatana kwa bahati tu.

Uasi haukuwa sababu pekee. Kodi ya ardhi ilikusanywa na makabaila waliokuwa juu ya mkulima. Nguo za viwanda vya Uingereza ziliwamaliza wafumaji. Ghazipur kilikuwapo kiwanda cha serikali cha afyuni, na mkulima alipewa pesa za kutanguliziwa ili apande mimea ya afyuni hiyo. Champaran mkulima alilazimishwa kupanda nili, mmea wa rangi ya buluu, kwenye sehemu 3 za kila sehemu 20 za shamba lake, kwa faida ya bwana Mzungu, hata kama watoto wake walihitaji mpunga. Ni huko Champaran, mwaka 1917, Gandhi alipoanzia kampeni yake ya kwanza kubwa ndani ya India. Mwaka huo huo Waingereza walisimamisha kuandikisha watu wa kwenda ng'ambo. Kwa mkulima wa pale, nili na jahazi yalikuwa matawi ya mti mmoja.

Aliyewachukua aliitwa arkati, dalali wa watu. Alizunguka kwenye masoko, vituo vya reli na mahali pa kuhiji, akitafuta mwenye njaa, mwenye deni, mjane aliyefukuzwa, kijana aliyegombana na baba yake. Majina ya nchi aliyafanyia ufundi. Trinidad akaiita Chinidad, nchi ya chini, na "chini" kwao ni sukari. Kazi ya huko, akasema, ni kuchekecha sukari. Suriname akaigeuza kuwa Sri Ram, nchi ya Mungu Rama. Mkataba wenyewe, ambao wengi hawakuweza kuusoma, kwa Kiingereza uliitwa "agreement". Ulimi wa Kibhojpuri ukalibana neno hilo likawa "girmit", na aliyeutia kidole gumba akawa girmitiya. Jina hilo wajukuu wao wanalibeba mpaka leo kwa fahari.

Karatasi moja

Katika bohari ya wahamiaji ukingoni mwa mto, Calcutta, kila mmoja aliandikiwa pasi. Pasi hizo zimehifadhiwa kwa maelfu. Zile za Mauritius ziko katika Taasisi ya Mahatma Gandhi mjini Moka. Karani aliuliza na kuandika: jina, jina la baba, umri, tabaka, wilaya, kituo cha polisi, kijiji. Kisha kimo, halafu alama za mwilini, kovu la paja la kushoto, ndui ya usoni. Neno lolote juu ya mtu huyo alichokuwa akikipenda au kukihofu halimo. Lakini mstari wa kijiji umo, na ni mstari huo unaomwezesha mtu wa Port of Spain leo kupanda ndege, kisha treni, kisha pikipiki, na kusimama mbele ya nyumba ya udongo akisema: babu wa babu yangu alitoka hapa. Kamla Persad-Bissessar, akiwa Waziri Mkuu wa Trinidad na Tobago, alifanya safari ya namna hiyo mwaka 2012 mpaka kijiji cha Bhelupur, wilaya ya Buxar.

Karani huyo huyo ndiye aliyezaa majina ya ukoo. Kijijini watu wengi walikuwa na jina moja tu. Ng'ambo sheria ilitaka mawili, basi jina la baba, likiandikwa kama sikio la Mzungu lilivyolisikia, likawa la ukoo. Moheeth Ramgoolam aliyeondoka Harigaon, wilaya ya Bhojpur, mwaka 1896, alimzaa Seewoosagur Ramgoolam, na huyo ndiye aliyeiongoza Mauritius kupata uhuru tarehe 12 Machi 1968.

Halafu bahari. Kuvuka maji meusi, "kala pani", kulimfanya mtu wa tabaka la juu kuwa najisi. Katika jahazi wote walilala sakafu moja na kula chungu kimoja, na safari ya Karibi ilichukua miezi mitatu au zaidi. Katika msimu wa 1856 na 1857, meli zilizotoka Calcutta kwenda Karibi zilipoteza karibu abiria 17 katika kila 100. Waliosalia walishuka wakiwa ndugu. Waliitana "jahaji bhai", ndugu wa jahazi, na "jahaji bahin", dada wa jahazi. Neno ni letu pia, jahazi, limetufikia sote kwa upepo mmoja wa Bahari ya Hindi.

Mashambani, mkataba ulitaka miaka mitano. Mauritius mwanamume alianza kwa rupia 5 kwa mwezi, na posho ya mchele na dengu. Kulikuwa na kanuni iliyochukiwa kuliko zote: ukikosa siku moja, unakatwa mshahara wa siku mbili. Kibarua mgonjwa angeweza kumaliza mwezi akidaiwa. Haikufutwa mpaka 1909. Sitaki kusema kwamba huu ulikuwa utumwa, kwa sababu mtoto wa girmitiya alizaliwa huru na mkataba ulikuwa na mwisho. Lakini aliyebuni utaratibu huu alikuwa amezoea watumwa, na ilionekana.

Nchi nyingine zilifuata Mauritius: Guyana mwaka 1838, Trinidad na Jamaica 1845, Natal 1860, Suriname 1873, Fiji 1879. Si wote waliopelekwa huko walikuwa Wabhojpuri. Watamil na Watelugu walitoka Madras, hasa kwenda Natal, na wengine walisema Kiawadhi.

Kilichobaki kinywani

Chukua biringanya, lichome juu ya moto mpaka ganda liungue, limenye, liponde kwa kitunguu saumu, pilipili na chumvi. Bihar huitwa chokha, na huliwa na litti, mviringo wa unga wa ngano uliojazwa unga wa dengu za kukaanga na kuchomwa kwenye makaa. Trinidad, upande wa pili wa dunia, mtu ambaye hajui sentensi moja ya Kibhojpuri asubuhi anakula chapati na biringanya la kuchoma. Muulize linaitwaje. Atakujibu: choka.

Sikukuu ya rangi, ambayo dunia yote inaiita Holi, Guyana na Suriname ni siku ya mapumziko kwa jina lake la Kibhojpuri, Phagwa. Na usiku wa kabla ya harusi huko Mauritius wanawake hufanya geet-gawai. Wanawake watano walioolewa hupanga manjano, mchele, majani na pesa kwenye kitambaa, wenzao wakiimba. Kisha mama wa bibi au bwana harusi huiheshimu ngoma ya dholak, na nyumba yote inacheza. UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Wanaume walitia saini mikataba, lakini naamini lugha ilivukishwa bahari na wanawake. Sheria ilidai wanawake 40 kwa kila wanaume 100, na wengi walipanda meli peke yao. Walibeba nyimbo za kuzaa, za kuoza na za jiwe la kusagia. Ndizo zilizodumu.

Lugha ya mazungumzo haikudumu hivyo. Suriname imejitengenezea yake, Kisarnami, ambayo tangu uhuru wa 1975 imehamia pia Uholanzi, hasa The Hague. Fiji wana Kihindi chao chenye damu ya Kibhojpuri na Kiawadhi. Trinidad imebaki kwa wazee wachache. Mauritius sensa ya 2000 ilikuta asilimia 12 wakisema Kibhojpuri nyumbani; ya 2011 ikakuta asilimia 5. Mwaka huo huo wa 2011 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda umoja wa wasemaji wake. Kilichokimeza ni Krioli, lugha iliyozaliwa na watumwa, wengi wao wa kutoka pwani yetu na Madagaska. Wajukuu wa Ballia wanatongozana, wanagombana na kuota ndoto kwa lugha hiyo.

Wale wasiopanda jahazi

Tukiwatazama waliofika ng'ambo, tunawasahau waliobaki. Kwa kila aliyekwenda Fiji, walikuwapo wengi zaidi waliokwenda Calcutta, Assam na Rangoon, na nyumbani wakaacha wake. Kutoka huko likazaliwa neno "bidesia", aliye nchi ya mbali. Kinyozi mmoja wa wilaya ya Saran, Bhikhari Thakur, aliyezaliwa 1887 na ambaye hakusoma sana, alilifanya neno hilo kuwa mchezo wa jukwaani: mume anahamia Calcutta na kupata mwanamke mwingine, mke anabaki kijijini akimtumia ujumbe kwa kila mpita njia. Wacheza wote walikuwa wanaume, na waliocheza wanawake walivaa sari. Vijiji vizima vilikesha vikilia, kwa kuwa kila kiwanja kilikuwa na mke wa namna hiyo.

Bado wapo. Siwan na Gopalganj ni wilaya zinazoishi kwa fedha za kutumwa kutoka nchi za Kiarabu za Ghuba. Wengine wako Mumbai, Surat na Delhi, na Machi 2020, serikali ilipofunga nchi ghafla kwa ajili ya korona, ni watu wa Bihar na Uttar Pradesh mashariki walioonekana kwa wingi wakirudi kwao kwa miguu, watoto mabegani. Mkenya au Mganda aliyefanya kazi za ujenzi au ulinzi Doha ameshawahi kulala karibu nao, labda bila kujua wanaitwaje. Mwezi wa Oktoba au Novemba, siku sita baada ya Diwali, utawajua: ni Chhath, sikukuu yao ya jua. Wanafunga saa 36 bila hata maji, wanasimama ndani ya maji mpaka kiunoni na ungo wa mianzi wenye matunda, wanalisujudia jua linalotua na kesho yake linalochomoza. Kuhani hahitajiki. Mito yao iko mbali, basi wanaifanya popote penye maji, hata dimbwi la kuchimba.

Port Louis, pale meli zilipoteremsha watu, pamehifadhiwa ngazi za mawe na kambi ya kupokelea. Panaitwa Aapravasi Ghat, urithi wa dunia tangu 2006. Jirani yake kuna hospitali ya zamani ya kijeshi iliyojengwa na watumwa karne ya 18, na mwaka 2023 imefunguliwa kuwa makumbusho ya utumwa. Kutoka mlango mmoja mpaka wa pili ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.